Povu si Kipimo cha Gesi

Kegi yangu ya kwanza, yaani pipa la chuma la kuwekea bia chini ya presha, niliijaza bia iliyochacha vizuri, iliyotulia na kuwa angavu. Niliipoza usiku kucha, nikaiunganisha na mtungi wa gesi, na siku mbili baadaye nikaalika marafiki. Glasi ya kwanza ilijaa povu tupu kutoka chini hadi ukingoni. Povu lilipotua, kilichobaki kilikuwa robo glasi ya bia iliyopooza, yenye ladha ya soda iliyoachwa wazi tangu jana. Nilikuwa na ushahidi wa pande mbili zinazopingana: jicho liliniambia gesi imezidi, ulimi uliniambia gesi haitoshi. Nililiamini jicho. Nilipunguza presha, na kwa muda wa wiki tatu zilizofuata nikawa naishusha, naipandisha, natoa gesi na kuirudisha, hadi bia ikaisha bila ya mimi kunywa hata glasi moja niliyoridhika nayo.

Tangu wakati huo nimejaza kegi nyingi, na nyingine nimewasaidia wenzangu kuzirekebisha. Karibu kila mara mwenye kegi huanza pale pale nilipoanzia mimi, yaani anatazama povu kwenye glasi na kulichukua kuwa ndilo kipimo cha gesi iliyomo ndani ya bia. Sivyo lilivyo. Povu hueleza yaliyoipata bia njiani, kutoka ndani ya kegi hadi kwenye glasi; gesi iliyoyeyuka ni habari nyingine, nayo hutawaliwa na mambo matatu tu, ambayo ni halijoto ya bia, presha ya gesi iliyo juu yake, na muda ambao viwili hivyo vimeachwa vifanye kazi bila kuguswa.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Joseph Priestley, aliyehamia Leeds mwaka 1767 na kuishi jirani na kiwanda cha bia, alitundika chombo cha maji juu ya matangi ya bia iliyokuwa ikichacha, akaona kwamba maji yale yanaichukua ile hewa inayofuka kutoka kwenye bia na kupata ladha ya kuchangamka. Mwaka 1803 William Henry wa Manchester akaeleza jinsi jambo hilo linavyokwenda kwa vipimo: ikiwa halijoto haibadiliki, kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika kimiminika huongezeka sawasawa na shinikizo la gesi hiyo juu ya kimiminika. Kimiminika kikipoa, huweza kubeba gesi nyingi zaidi kwa shinikizo lile lile. Kikipata joto, huitema. Kila tatizo la kweli la gesi katika kegi, yaani lile lililo ndani ya bia yenyewe, linaelezeka kwa sentensi hizo.

Watengenezaji wa bia hupima kaboni dioksaidi iliyoyeyuka kwa ujazo. Lita moja ya bia ikiwa imebeba gesi ambayo, ikitolewa yote na kupimwa kwenye nyuzi 0 na shinikizo la kawaida la hewa, ingejaza lita moja, husemwa kuwa bia hiyo ina ujazo 1, nao ni karibu gramu 2 za gesi kwa lita. Bia za Uingereza zinazotolewa kwenye mapipa ya kienyeji huwa chini ya ujazo 2. Bia nyingi za kawaida huwa kati ya 2.2 na 2.7, bia za ngano za Ujerumani hupita 3. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba bia iliyomaliza kuchacha kwenye nyuzi 20 tayari ina karibu ujazo 0.85 uliobaki kutokana na kazi ya hamira. Kwa hiyo hatuanzi kutoka sifuri, na anayetaka ujazo 2.5 anaongeza sehemu iliyobaki tu.

Sasa tazama jinsi halijoto inavyogeuza hesabu. Bia iliyo kwenye nyuzi 4 huhitaji presha ya takriban baa 0.8 (baa ni kipimo cha presha) kwenye geji ili itulie kwenye ujazo 2.5. Bia hiyo hiyo kwenye nyuzi 10 huhitaji baa 1.2, na kwenye nyuzi 20 huhitaji karibu baa 1.9. Ukiigeuza hesabu, ndipo utaona kosa langu la siku ile. Niliweka baa 0.8 nikiamini kwamba bia iko kwenye nyuzi 4, kwa kuwa friji ilisema hivyo. Friji haikunidanganya, ila ilikuwa inapima hewa yake. Lita 19 za bia hupoa polepole mno kuliko hewa inayozizunguka, na hewa hiyo yenyewe ina baridi zaidi chini kuliko juu. Nilipokuja kupima bia yenyewe, kwa kumimina glasi mbili za haraka na kutumbukiza kipimajoto katika ya pili, nilikuta nyuzi 8. Kwa baa 0.8 kwenye nyuzi 8, bia ingetulia karibu na ujazo 2.2 hata kama ningeiachia mwezi mzima. Tofauti ya nyuzi nne inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ulimi huitambua mara moja.

Tangu hapo sigusi regyuleta, kile kifaa cha kupanga presha ya gesi inayotoka mtungini, kabla sijapima bia. Chupa ya maji iliyokaa karibu na kegi kwa siku nzima nayo hutoa jibu zuri, kwa sababu maji yaliyomo hupoa na kupata joto kwa mwendo wa kivivu kama wa bia, tofauti na hewa inayobadilika kila mlango unapofunguliwa. Anayeishi mahali palipoinuka aongeze jambo moja: geji huonyesha presha iliyo juu ya ile ya hewa ya nje, na hewa hiyo hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 300 za mwinuko huongezwa takriban baa 0.035, kwa hiyo kwenye mita 1,500 nyongeza ni karibu baa 0.17, kiasi ambacho si cha kupuuzwa.

Muda ndio unaowashinda watu, na mimi ulinishinda kwanza. Gesi huingia kwenye bia kupitia uso wake wa juu peke yake, na kwenye kegi nyembamba ya lita 19, ile iliyotengenezwa awali kwa ajili ya soda, uso huo una upana wa sentimita 21 au 22, sawa na sahani moja ya chakula. Gesi inayopita hapo hulazimika kushuka polepole kupitia nusu mita ya kimiminika kilichotulia. Ndiyo maana njia ya kuweka presha sahihi na kuiacha huchukua wiki moja hadi mbili. Mwendo wake si wa kasi moja: siku za mwanzo gesi huingia kwa wingi, na kadiri bia inavyokaribia kushiba ndivyo mwendo unavyopungua, hivi kwamba bia iliyoonekana karibu tayari siku ya tano huweza kuwa bado inajongea siku ya kumi. Siku mbili nilizoipa bia yangu ya kwanza hazikutosha kwa vyovyote.

Kwa wasiotaka kungoja kuna njia ya mkato inayopendwa sana, nayo ni kuweka presha kubwa, mara nyingi baa 2, kwa saa 24 hadi 36, kisha kuitoa na kushusha regyuleta hadi kiwango cha kunywea. Inafanya kazi, na siwezi kusema ni kosa. Lakini naionya kwa sababu haina mahali pa kusimama. Bia ya nyuzi 4 ikiachwa chini ya baa 2 hadi ishibe hufikia ujazo unaozidi 4, kwa hiyo kinachokulinda ni saa yako peke yake, na mtu akipitiwa na usingizi au akichelewa kurudi kutoka safari, amekwisha kuipita alama. Ukiitikisa kegi chini ya baa 2 hatari ni kubwa zaidi, maana sasa kinachohesabiwa si saa bali dakika, na hakuna geji itakayokuambia umefika wapi.

Ninachokifanya mimi nikiwa na haraka ni kutikisa chini ya presha ile ile ninayoitaka mwishoni. Bia ikiwa imepoa kweli kweli, naweka regyuleta kwenye baa 0.8, nailaza kegi ubavu huku mdomo wa gesi ukiwa upande wa juu, na kuibingirisha mbele na nyuma polepole. Kuilaza huongeza uso wa bia mara kadhaa, na kuibingirisha huuvunja uso huo na kuufanya upya kila sekunde. Mtu husikia gesi ikiingia kwa mlio wa kuvuta, na mlio huo hufifia wenyewe kadiri bia inavyoshiba. Nusu saa hufanya sehemu kubwa ya kazi, na siku mbili za utulivu baadaye humalizia. Ubora wa njia hii ni kwamba haiwezi kuipita alama hata ukiitikisa hadi mikono ichoke, kwa sababu bia haiwezi kushiba zaidi ya inavyoruhusiwa na presha iliyo juu yake. Tahadhari yake ni moja: ukimaliza, isimamishe kegi na uiache itulie kabla ya kugusa kitu chochote. Pia hakikisha kwamba kwenye njia ya gesi kuna vali ya kuzuia kurudi nyuma, maana bia ikiingia ndani ya regyuleta huinatisha na kuiharibu.

Inafaa niseme hapa kwamba bia iliyotikiswa hainywewi saa ile ile ikahukumiwa. Huwa na ukali fulani wa tindikali unaochoma ncha ya ulimi, hamira iliyokuwa imetulia chini huwa imevurugika, na harufu za hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, hazijatengana na ukali ule. Siku mbili au tatu za baridi huirekebisha. Nimewaona watu wakitoa gesi kwenye bia ambayo haikuwa na kosa lolote isipokuwa haraka.

Tuseme basi bia haina gesi ya kutosha ingawa halijoto ni sahihi, presha ni sahihi na muda umepita. Hapo swali ni kama gesi inafika kweli. Mara moja nilikuta vali ya regyuleta upande wa kutokea imefungwa. Mara nyingine springi ndogo iliyo ndani ya mdomo wa gesi ilikuwa imenata kwa mabaki ya sukari ya kimea na haikufunguka. Lakini mshukiwa mkubwa ni kuvuja, na mahali panapovuja zaidi ni kifuniko. Kifuniko cha kegi ya soda hukazwa na presha ya ndani kuliko na mpini wake, kwa hiyo kwa presha ndogo oringi yake, yaani pete ya mpira ya kuzibia, haikai vizuri. Baada ya kufunga, napandisha presha hadi baa 2 kwa muda mfupi, nasikia kifuniko kikijikaza, kisha naishusha. Oringi zote napaka mafuta maalumu ya vyombo vya chakula, na hayo yameniokoa zaidi ya kifaa chochote cha bei kubwa. Baada ya hapo ni maji ya sabuni: kwenye kifuniko, kwenye midomo yote miwili, kwenye vali ya usalama, kwenye kila kiungo cha mpira na kwenye nati inayoshika regyuleta kwenye mtungi. Panapovuja, sabuni huota viputo.

Kuna jaribio jingine ambalo hufundishwa mara kwa mara na ambalo lilinichanganya kwa muda mrefu: funga mtungi, acha kegi ikiwa na presha, rudi asubuhi uone kama geji imeshuka. Kwa kegi tupu ni jaribio zuri. Kwa kegi yenye bia inayoendelea kunywa gesi halifai, kwa kuwa geji itashuka hata kama hakuna tundu popote. Niliwahi kubadilisha oringi zote tano za kegi nzima kwa sababu ya kushuka kwa geji ambako hakukuwa na kosa, ilikuwa tu bia inafanya kazi yake.

Siku hizi napima mtungi kwa mizani, na napenda kuieleza njia hii kwa sababu inatoa jibu la namba badala ya dhana. Lita 19 za bia zinazotoka ujazo 0.85 hadi 2.5 huchukua karibu gramu 60 za gesi, ukiongeza gramu chache za kujaza nafasi iliyo juu ya bia. Napima mtungi pamoja na regyuleta siku ninayofungulia gesi, naandika uzito huo kwenye kipande cha utepe wa karatasi, na baada ya siku kumi napima tena. Ikiwa zimetoka gramu 60 au 70, bia imepata haki yake. Ikiwa zimetoka 20, gesi haiingii. Ikiwa zimetoka 300, kuna mahali panavuja, na sabuni itanionyesha. Geji ya upande wa mtungi haiwezi kufanya kazi hii, kwa sababu kaboni dioksaidi ndani ya mtungi iko katika hali ya kimiminika, na maadamu kimiminika kipo, presha yake hukaa pale pale, karibu baa 57 kwenye nyuzi 20, awe amebakiza nusu au kijiko. Sindano inapoanza kushuka mtungi umekwisha. Na kwa kuwa tumetaja kuvuja: gesi hii ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini, na katika chumba kidogo kisichopitisha hewa inaweza kuua. Mtungi ukae wima, ufungwe usianguke, na chumba kiwe na mahali pa kutokea hewa.

Upande wa pili ni bia iliyozidi gesi kweli. Marekebisho yake yanajulikana: chomoa gesi, vuta pete ya vali ya usalama hadi mlio uishe, acha, rudia. Watu hufanya hivyo mara tatu, wanaona hakuna kilichobadilika, na kukata tamaa. Hesabu inaeleza kwa nini. Tuseme bia imefikia ujazo 3.2 na unaitaka 2.5. Kwa lita 19, gesi inayopaswa kutoka ni zaidi ya lita 13. Ikiwa nafasi iliyo juu ya bia ni lita moja, kila ukivuta pete hutoka lita moja na ziada kidogo, kisha bia huanza kuijaza tena nafasi hiyo taratibu. Unahitaji basi kuvuta mara kumi na mbili au zaidi, na kati ya mara moja na nyingine kuipa bia saa kadhaa, au kuitikisa kidogo ili nafasi ijae upesi. Ni kazi ya siku mbili, si ya dakika tano. Kuna mfuniko wenye vali inayoweza kurekebishwa, ambao huachia gesi yenyewe kila inapopita kiwango kilichowekwa, na mwenye kegi nyingi anastahili kuwa nao. Kwa mwenye moja, pete na subira vinatosha. Usiunganishe mpira wa gesi kwenye kegi ambayo presha yake ya ndani inazidi ya regyuleta bila vali ya kuzuia kurudi nyuma, na usijaribu kamwe kufungua kifuniko kabla hujaitoa presha yote.

Nimerudi sasa kwenye povu, ambalo ndilo lililonipoteza. Bia inapokuwa ndani ya kegi hushikiliwa na presha ya baa 0.8, na inapofika kwenye glasi haishikiliwi tena na chochote zaidi ya hewa. Presha hiyo lazima iishe mahali fulani njiani. Ikiisha taratibu, kwa bia kusuguana na kuta za mpira mwembamba na mrefu, gesi hubaki imeyeyuka na bia hutoka kwa utulivu. Ikiisha ghafla kwenye koki, gesi huruka nje na glasi hujaa povu. Mpira wangu wa kwanza ulikuwa wa mita moja. Kwa mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 5 hivi na presha ya baa 0.8, urefu unaofaa kuanzia ni mita 3. Ukizidi, hasara yake ni bia kutoka polepole tu. Ukipungua, hasara yake ni povu. Kwa hiyo kata mrefu, jaribu, kisha punguza kidogo kidogo ukiona mwendo unachosha.

Mtu asiye na habari hiyo, anapoona povu, hufanya kile nilichofanya: anashusha presha ya regyuleta. Glasi inayofuata hutoka vizuri kidogo, naye anaamini amepata dawa. Lakini sasa presha iliyo juu ya bia ni ndogo kuliko ile inayohitajika kuishikilia gesi ndani yake, hivyo gesi huanza kutoka kwenye bia, ikijikusanya ndani ya mpira kama vipande vya hewa vinavyoonekana kwa macho. Siku inayofuata glasi ya kwanza ni povu zaidi ya jana. Anashusha tena. Baada ya wiki bia imepoteza gesi yake na bado inatoa povu, yaani ile ile glasi yangu ya kwanza, yenye povu juu na bia iliyopooza chini. Presha ya kunywea na presha ya kushibisha ni moja, na povu likionekana, kinachorekebishwa ni mpira, baridi ya koki au usafi, huku regyuleta ikiachwa ilivyo.

Jaribio ninalolitegemea ni glasi tatu zinazofuatana bila kupumzika. Ikiwa ya kwanza ni povu na ya pili na ya tatu ni nzuri, koki na mpira vilikuwa na joto, na bia baridi imevipoza. Feni ndogo ndani ya friji inayosukuma hewa ya chini kuelekea juu humaliza tatizo hilo. Ikiwa zote tatu ni povu, naiacha moja itulie na kuionja. Ikichoma na kuchangamka sana ulimini, gesi imezidi kweli. Ikiwa imepooza, tatizo ni la njiani: mpira mfupi, koki iliyofunguliwa nusu badala ya yote, au uchafu na mabaki yaliyokauka ndani ya koki, ambayo hutoa mahali pa viputo kuzaliwa.

Na ipo hali moja ambayo iliniumiza kichwa kwa miezi miwili mizima, kwa kuwa haikujibu dawa yoyote kati ya hizo. Kegi moja, kati ya tatu zilizokuwa friji moja, zenye mipira ya urefu mmoja na presha moja, ilitoa povu kila siku. Niliibadilishia mpira. Niliibadilishia koki. Niliijaza bia ileile iliyokuwa kwenye kegi jirani. Povu halikukoma, na maji ya sabuni hayakuonyesha tundu lolote. Hatimaye nilipiga magoti mbele ya friji, nikamwomba mwenzangu afungue koki huku mimi nikimulika tochi kwenye mpira pale unapotoka kwenye kegi. Viputo vilikuwa vinapita pale pale mwanzoni, mfululizo, kama shanga kwenye uzi, kabla bia haijasafiri hata sentimita tano. Povu halikuwa linazaliwa kwenye koki. Bia ilikuwa inatoka ndani ya kegi ikiwa imekwisha kuchanganyika na gesi.

Chini ya mdomo wa bia, pale mrija mrefu unaoshuka hadi kitako cha kegi unapoketi, kuna oringi ndogo ambayo haionekani mpaka mdomo ufunguliwe. Kazi yake ni kutenganisha bia inayopanda ndani ya mrija na gesi iliyo juu ya bia. Ikipasuka, gesi hiyo hujipenyeza na kuingia kwenye mkondo wa bia kila koki inapofunguliwa. Sabuni haiwezi kuiona, kwa sababu hakuna kinachotoka nje. Kuvuja kwote kunatokea ndani. Nilitoa presha yote, nikafungua mdomo kwa spana, nikauvuta mrija. Oringi ilikuwa imekauka na kukatika upande mmoja, ufa mwembamba kama unywele. Niliweka mpya, nikaipaka mafuta, nikakaza mdomo, nikairudisha kegi kwenye baa 0.8 ile ile iliyokuwa nayo tangu mwanzo, na kuiacha usiku kucha. Kesho yake glasi ilijaa bia, na juu yake povu la upana wa vidole viwili.